Fremu ya Picha ya Kidijitali Isipoonyesha Picha: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Katika fremu za picha za kidijitali ambazo nimewahi kuletewa nizitazame, nyingi zikiwa zawadi kutoka kwa watoto walioko Muscat, Uingereza au Marekani kwa wazazi waliobaki nyumbani, ni chache mno zilizokuwa zimeharibika zenyewe. Zilizobaki zilikuwa nzima kabisa, na kasoro ilikuwa kwenye kitu kilichochomekwa au kuingizwa ndani yake: adapta, kadi, mafaili ya picha au mtandao. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu fremu, badilisha kitu kimoja tu kati ya hivyo, utazame matokeo, ndipo ubadilishe kingine. Anayebadilisha kadi, waya na mipangilio kwa mpigo mmoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua ni kipi kilichomfaa, na tatizo likirudi baada ya wiki mbili ataanza kubahatisha upya.

Andaa kwanza vifaa vya majaribio. Tafuta flashi au kadi ya SD yenye ukubwa wa gigabaiti 8, 16 au 32, uifomati (yaani uifute na kuipanga upya) kwa mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, kisha uweke ndani yake picha moja tu ya JPEG, iliyopunguzwa hadi pikseli 1280 kwa 800 hivi na kupewa jina fupi lisilo na nafasi wala alama, kwa mfano mama01.jpg. Picha hiyo ikionekana, fremu ni nzima, na kilichobaki ni kuchunguza kadi yako au picha zako. Isipoonekana, anza na umeme.

Fremu haiwaki, au huwaka na kuzima

Soma maandishi madogo yaliyo nyuma ya fremu na yale yaliyo kwenye adapta, uyalinganishe. Fremu nyingi ndogo hutumia volti 5 na ampea 2, na nyingine hutumia volti 12. Tatizo ni kwamba pini ya duara ya adapta ya volti 5 na ile ya volti 12 zinaweza kuwa na unene uleule, zikaingia vizuri katika tundu lilelile. Volti 12 zikiingia katika fremu ya volti 5 huunguza saketi kwa mara moja, na hapo hakuna mpangilio utakaoirudisha. Ampea, kwa upande mwingine, zikizidi hazina madhara, kwa sababu fremu huchukua kiasi inachokihitaji tu. Zikipungua ndipo shida huanza. Dalili yake haifichiki: nembo ya kampuni hutokea kwenye kioo, taa ya nyuma ya kioo inapotaka kuwaka kikamilifu umeme hautoshi, fremu huzima, kisha nembo hutokea tena, na mzunguko huo huendelea bila kikomo. Ukiona hivyo, angalia kama mtu hajabadilisha adapta ya asili kwa chaja kuukuu ya simu ya ampea 1.

Fremu iliyonunuliwa Marekani inahitaji uangalifu wa ziada. Ikiwa adapta yake imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, itafanya kazi Tanzania, Kenya na Oman bila wasiwasi, na utahitaji tu kigeuza plagi. Ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, usiichomeke. Kigeuza plagi hubadilisha umbo la pini peke yake, na umeme wa volti 230 au 240 utaingia kama ulivyo katika adapta isiyouweza. Nunua adapta nyingine yenye volti zilezile za kutoa, yenye ampea zisizopungua za ile ya asili, na yenye mchoro uleule wa chanya na hasi, yaani kale kaalama ka duara kanakoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje yake.

Kuna fremu nyingine ambazo huonekana zimekufa kumbe zimelala. Bibi mmoja wa Tanga, aliyetumiwa fremu na binti yake kutoka New York, alinilalamikia hivi: “Mwanangu, asubuhi haiwaki kabisa, nikiibonyeza inakataa, lakini ikifika saa nane mchana inajiwashia yenyewe.” Waliokuwa karibu walidhani anachanganya mambo, ilhali maelezo yake yalikuwa sahihi mpaka kwenye saa. Binti aliipanga fremu izime saa nne usiku na kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, akaiacha katika majira ya saa ya New York. Wakati wa baridi ya kule, Afrika Mashariki huwa mbele kwa saa nane kamili. Saa nne ya usiku kule ni saa kumi na mbili ya asubuhi Tanga, na saa kumi na mbili ya asubuhi kule ni saa nane mchana. Fremu ilikuwa ikitii amri yake barabara. Tulibadilisha majira ya saa kuwa ya Nairobi, ambayo ndiyo hutajwa kwa ukanda wetu katika orodha nyingi za vifaa, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Mpe sikio mwenye kifaa anapotaja saa, kwa kuwa saa ya tatizo mara nyingi ndiyo chanzo chake.

Fremu inawaka lakini inasema hakuna kadi

Chanzo kinachoongoza ni kadi kubwa kupita uwezo wa fremu. Kadi za SDHC huishia gigabaiti 32 na hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa FAT32. Zilizo juu ya hapo huitwa SDXC, nazo hutoka na mfumo wa exFAT, ambao fremu za zamani haziujui kabisa. Kwa fremu hizo, kadi hiyo ni sawa na tundu tupu. Flashi iliyofomatiwa kwa NTFS, mfumo mwingine wa Windows, hupatwa na hali hiyohiyo. Watu wengi hujaribu kuifomati upya kadi ya gigabaiti 64 katika Windows, na kwa miaka mingi dirisha la kawaida la kufomati halikuwa likitoa FAT32 kwa kadi iliyozidi gigabaiti 32, hivyo wakakwama. Zipo programu nyingine za kulazimisha, ila ushauri wangu ni kununua kadi ndogo. Picha iliyopunguzwa kulingana na kioo cha fremu huwa na ukubwa wa kilobaiti 250 hivi, na kwa kiwango hicho gigabaiti 32 zinabeba picha zaidi ya laki moja. Hakuna familia inayohitaji zaidi ya hizo sebuleni.

Jambo la pili ni kadi za bandia. Hizi zimechezewa ili zijitangaze kuwa na gigabaiti 64 au 128, ilhali ndani mna 8 au chini ya hapo. Picha za mwanzo huingia na kuonekana vizuri. Zinazofuata hunakiliwa bila malalamiko yoyote, lakini ukizifungua unakuta nusu ya picha ni ya kijivu au faili halifunguki. Ijaribu kadi mpya kabla ya kuiamini: programu ya H2testw katika Windows, au F3 katika Linux na Mac, huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kukuambia ukubwa wake wa kweli.

Kwa wakazi wa pwani kuna jambo la tatu, nalo ni unyevu na chumvi ya hewa ya bahari. Vile vibati vya rangi ya dhahabu kwenye kadi hufifia na kushika utando. Vifute taratibu kwa kitambaa laini kilicholoweshwa spiriti kidogo, viache vikauke, kisha ichomeke na kuichomoa kadi mara tatu au nne fremu ikiwa imezimwa. Usiingize pamba wala sindano ndani ya tundu la fremu, kwa sababu vyuma vyake ni vyembamba mno.

Kunakili kunakwama ingawa nafasi ipo

Dalili hii huwachanganya hata wenye uzoefu wa kompyuta, nami naipa nafasi kwa sababu sijaona ikielezwa vya kutosha. Umepata kadi kuukuu ya gigabaiti 1 au 2, iliyokuwa ya kamera. Unanakili picha kutoka kwenye simu. Picha mia na sabini hivi zinaingia, kisha kompyuta inakataa kuunda faili jingine, na ukiangalia unaona zaidi ya nusu ya kadi bado ni tupu.

Kadi za ukubwa huo kwa kawaida hufomatiwa kwa FAT16, na katika mfumo huo ukurasa wa kwanza wa kadi, yaani sehemu ya nje kabisa kabla hujaingia katika folda yoyote, una mistari 512 tu ya kuandikia majina. Jina fupi la mtindo wa zamani, kama IMG_1234.JPG, huchukua mstari mmoja. Jina refu huchukua mstari mmoja wa jina fupi lililotungwa na mfumo wenyewe, pamoja na mstari wa ziada kwa kila herufi 13 za jina hilo refu. Sasa tazama jina ambalo WhatsApp huipa picha katika simu za Android: IMG-20240312-WA0007.jpg. Lina herufi na alama 23, kwa hiyo linakula mistari miwili ya ziada na mmoja wa msingi, jumla mitatu. Gawanya 512 kwa 3, utapata picha 170, na hapo ndipo mlango hufungwa hata kama kadi ina nafasi ya maelfu.

Tiba yake ni rahisi: tengeneza folda moja ndani ya kadi, uipe jina fupi kama PICHA, na uhamishie kila kitu humo. Folda iliyo ndani haina kikomo hicho cha mistari 512.

Kati ya picha na picha kinatokea kioo cheusi au alama ya kosa

Ikiwa picha zilinakiliwa kwa kompyuta ya Mac, chunguza kama kuna mafaili yanayoanza na nukta na mstari wa chini, kwa mfano ._mama01.jpg. Mac huyatengeneza kuhifadhi taarifa zake kila inapoandika kwenye kadi ya FAT32, huyaficha usiyaone, lakini fremu huyaona, huyadhania kuwa picha, na hushindwa kuyafungua. Chomeka kadi katika kompyuta ya Windows, ruhusu kuonyesha mafaili yaliyofichwa, na uyafute yote.

Baadhi ya picha hazifunguki, nyingine zinafunguka

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu za iPhone zenye uwezo huo huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, na fremu nyingi husoma JPEG peke yake. Wapo wanaobadilisha jina la faili kutoka .heic kuwa .jpg wakidhani wamemaliza, lakini kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Geuza picha zilizopo kwa programu ya kubadilisha miundo, na kwa zile zitakazopigwa baadaye ingia katika mipangilio ya iPhone, sehemu ya kamera, kwenye miundo, uchague Most Compatible, ili simu ihifadhi JPEG tangu mwanzo.

Ikiwa faili kweli ni JPEG na bado linakataa, huenda lilihifadhiwa kwa njia ya hatua kwa hatua, ile ambayo picha huanza kuonekana yote ikiwa na ukungu kisha hujisafisha. Njia hiyo hupendwa kwenye tovuti, lakini visomaji rahisi vya ndani ya fremu mara nyingi haviiwezi. Vivyo hivyo kwa picha zilizoandaliwa kwa ajili ya matbaa, zenye rangi za CMYK, za wino wa uchapaji, badala ya RGB, za vioo. Nimekutana nazo kwenye picha za harusi zilizotoka kwa mtengeneza albamu. Zote hutibika kwa kufungua picha kwenye programu ya kuhariri na kuihifadhi upya kama JPEG ya kawaida yenye rangi za RGB.

Picha zimelala ubavu

Unapoishika simu wima na kupiga picha, kihisi cha kamera hakigeuki. Mara nyingi simu huhifadhi picha ikiwa imelala kama kihisi kilivyoiona, kisha huandika ndani ya faili alama ndogo ya EXIF inayosema: unapoionyesha, igeuze nyuzi 90. Simu na kompyuta huitii alama hiyo. Fremu nyingi za bei nafuu haziisomi, na bibi harusi anaonekana amelala ukutani. Kuigeuza kwa rimoti ya fremu mara nyingi ni kazi ya muda tu, maana fremu ikizimwa husahau. Inatakiwa pikseli zenyewe zigeuzwe. Programu ya IrfanView katika Windows, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani, inaweza kushughulikia mamia ya picha kwa pamoja: huzigeuza kwa kufuata alama ya EXIF na kuzipunguza hadi ukubwa wa kioo katika safari moja. Fanya kazi hiyo kwenye nakala, kamwe si kwenye picha za asili.

Vichwa vimekatwa, au pembeni kuna weusi

Hili si kosa la fremu wala la picha, ni kutolingana kwa maumbo. Simu nyingi hupiga picha za uwiano wa 4 kwa 3, na kioo cha pikseli 1280 kwa 800 ni cha 16 kwa 10. Fremu ikiamriwa kujaza kioo, huipanua picha hadi 1280 kwa 960, kisha hukata pikseli 80 juu na 80 chini. Jumla ni sehemu moja ya sita ya picha, na katika picha ya watu waliosimama sehemu hiyo ya juu ndiyo yenye vilemba na vichwa. Ikiamriwa kuonyesha picha nzima, huacha weusi pembeni. Mimi huchagua kuonyesha picha nzima, kwa kuwa weusi wa pembeni haumdhalilishi mtu kama kukatwa paji la uso.

Picha za wima ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu hubaki na upana wa pikseli 600 katikati ya kioo cha 1280. Ukizipanga mbili ubavu kwa ubavu katika faili moja, zinachukua 1200, na nafasi inayobaki ni ndogo mno kuonekana kama kasoro. Babu na bibi waliopigwa picha kila mmoja peke yake, wakiwekwa hivyo, hupendeza kuliko picha yoyote iliyonyooshwa kwa nguvu.

Picha zina ukungu au rangi zimegeuka

WhatsApp hulaumiwa mno hapa, na mara nyingi inaonewa. Ni kweli kwamba hupunguza picha, lakini upande mrefu hubaki na takriban pikseli 1600 kwa ubora wa kawaida, na kioo cha 1280 hakihitaji zaidi. Ukungu hasa hutoka kwenye picha iliyosambazwa kutoka kundi hadi kundi, ikahifadhiwa upya mara nyingi, au iliyonaswa kutoka kwenye kioo cha simu nyingine. Omba picha kwa aliyeipiga, na umwambie aitume kama hati badala ya picha, ili ifike bila kuguswa.

Rangi zikigeuka kuwa nyeusi au kama za filamu ya zamani unapokaa kwenye kochi, lakini zikawa sawa unaposimama mbele ya fremu, tatizo ni aina ya kioo. Vioo vya TN vya bei nafuu havitazamiki vizuri kutoka chini. Shusha fremu iwe usawa wa macho ya anayekaa, au iinamishe kidogo kuelekea chini.

Fremu ya intaneti haiungi waifai au haipokei picha

Fremu nyingi za aina hii hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ikiwa ruta inatoa 5 tu, jina la mtandao halitaonekana kabisa. Ikiwa inatoa yote mawili kwa jina moja, muungano unaweza kusuasua. Fungua mtandao wa 2.4 wenye jina lake. Anayetumia hotspoti ya iPhone, kuanzia iPhone 12, awashe chaguo la Maximize Compatibility, kwani bila hilo simu hutangaza masafa ya juu. Ruta iliyowekwa kwenye usalama wa WPA3 peke yake nayo huzikataa fremu za zamani. Iweke ikubali na WPA2.

Ikiwa fremu imeunga lakini haileti kitu, tazama tarehe kabla ya yote. Fremu isiyo na betri ya ndani inaweza kurudi kwenye mwaka wa kutengenezwa kwake kila umeme unapokatika. Vyeti vya usalama vya mtandao vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo fremu inayodhani tuko mwaka 2018 huviona havijaanza kutumika na hukata mawasiliano kimya kimya. Rekebisha tarehe, subiri dakika chache, na picha zilizokuwa zimesubiri huanza kushuka. Mtumaji aliye mbali pia apunguze picha kabla ya kutuma: picha 100 za megabaiti 3 ni megabaiti 300 za bando la mzazi, na mzazi hatasema, ataizima tu fremu.

Yote yakishindikana, menyu ina chaguo la kurudisha hali ya kiwandani, na mara nyingi hufaulu. Hufuta mipangilio, muungano wa simu zilizokuwa zikituma, na kwa fremu nyingi hata picha zote za kumbukumbu ya ndani. Kabla ya kulibonyeza, chomeka flashi na unakili picha zilizomo, kwa sababu nimewahi kumkuta mzee ambaye picha pekee aliyokuwa nayo ya marehemu mkewe akicheka ilikuwa ndani ya fremu, na aliyemtumia alikuwa amekwisha kubadilisha simu.